Muulize Fundi wa Kamera: Lenzi ya Mjomba Haijafa

Barua za mwezi huu zimeangukia upande mmoja. Wengi ni watu waliokwisha kuizoea kamera yao ya kwanza na sasa mkono unawawasha. Hawaulizi tena ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) ni nini; wanauliza D7200 au D500 za Nikon, 80D au 6D za Canon, na kama iliyotumika inafaa. Nimechagua sita. Zilizobaki zinauliza yaleyale kwa maneno mengine, wenyewe mtajiona humu.

Fundi, shikamoo. Nina Nikon D3300 na ile lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 18-55, huu mwaka wa nne. Napiga watoto wakicheza mpira, jamaa nyumbani jioni, na ndege mara mojamoja. Nimejikusanya vya kutosha kupanda ngazi, nikazunguka kati ya D7200, D7500 na D500 mpaka kichwa kinauma. Kinachonichanganya ni kwamba D7500 na D500 zina megapikseli chache kuliko kamera niliyonayo. Si nitakuwa narudi nyuma? Halafu kuna jambo dogo: marehemu mjomba aliniachia lenzi ya Nikon, 80-200, nzito kama tofali. Nikiifunga haijilengi, na kamera inaandika "fEE". Nadhani imekufa. Niitupe? – Mwenye Tofali

Marahaba, mwanangu. Hilo jambo lako dogo ndilo kubwa, kwa hiyo naanzia mwisho wa barua.

Igeuze lenzi ya mjomba uitazame mgongoni, kwenye ile pete ya chuma inayoshikana na kamera. Ukingoni utaona kichwa cha skrubu chenye mfuo, kimezama kidogo. Hapo ndipo penye siri. Lenzi za Nikon za enzi hizo hazina mota ndani. Mota inakaa kwenye bodi ya kamera, na inatoa ncha kama ya bisibisi inayoingia kwenye mfuo huo na kuizungusha lenzi. D3300 yako haina mota hiyo. Nikon walianza kuiondoa kwenye kamera zao ndogo na D40 ya mwaka 2006, na ukoo wote wa D3000 na D5000 ukafuata njia hiyo. Lenzi imefungwa kwa kamera isiyo na mkono wa kuizungusha, basi. Haijafa.

Na hiyo "fEE" ni kamera inakulalamikia. Kwenye lenzi kuna pete yenye namba za tundu, ule mlango unaopitisha mwanga (namba ndogo ndiyo tundu kubwa): 2.8, 4, 5.6 na kuendelea. Izungushe mpaka namba ya mwisho, 22, kisha isukume ile swichi ndogo ya kuifungia hapohapo. Maandishi yatatoweka, na tundu utaliendesha kutoka kwenye kamera kama kawaida. Leo hii, bila kununua chochote, unaweza kupiga nayo ukizungusha mwenyewe kwa mkono. Duara dogo chini kushoto ndani ya kidirisha cha kuchungulia likitulia, umelenga.

Kama ubavuni imeandikwa 1:2.8, mjomba alikuachia mali. Lenzi yako ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki kupita f/5.6. Hiyo ya mjomba inafunguka f/2.8 hata ukiivuta hadi 200. Hizo ni hatua mbili, yaani mwanga mara nne. Jioni ambayo leo unapiga kwa sekunde 1/125 na mguu wa mtoto unatoka kama moshi, ungepiga kwa 1/500 na ukahesabu majani yaliyoruka pamoja na mpira. Hakuna bodi kati ya hizo tatu ulizozitaja itakayokupa mruko wa namna hiyo yenyewe.

Sasa megapikseli. Yako ina 24.2 na D7200 pia ina 24.2. D7500 na D500 zinatumia sensa, kile kibao kinachopokea picha, ya 20.9. Picha ya kwako ina upana wa vitone 6000, ya D500 vitone 5568, kwa hiyo unapoteza sehemu saba katika mia ya upana. Ukizitundika mbili ukutani, hata mimi niliyekula chumvi nyingi kwenye kazi hii nitabahatisha.

Nikuambie ukweli ambao matangazo hayapendi kuusema: mchana kwenye jua, D3300 yako ikiwa na lenzi nzuri, picha yake na ya D7200 ni mapacha. Unaponunua kamera ya daraja la wapenzi wa picha unanunua kuwahi. Niliwahi kupiga dansi jukwaani kwa kamera yenye kigurudumu kimoja kama yako. Taa zilikuwa zinabadilika kila sekunde, na kila nilipotaka kubadili tundu nilipaswa kubana kitufe cha jumlisha-toa juu kwa kidole cha shahada, huku kidole gumba kikizungusha kigurudumu nyuma. Ongeza kwamba mimi nachungulia kwa jicho la kushoto, kwa hiyo pua yangu imebanwa kwenye skrini na kidole gumba kinagonga shavu. Mcheza mmoja aliruka, mikono imeenea, taa ya bluu mgongoni. Nilipomaliza kupambana na kitufe alikuwa ameshatua na kugeuka. Picha hiyo ninayo mpaka leo: mbao za jukwaa, ncha ya skafu pembezoni, na hewa nyingi. Kamera yenye vigurudumu viwili, kimoja mbele cha tundu na kimoja nyuma cha shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ingelimaliza jambo hilo bila jicho kuondoka kwenye kidirisha.

Zote tatu ulizozitaja zinavyo vigurudumu viwili. Zote zina mota ya kuiendesha lenzi ya mjomba. Zote zina kidirisha cha prizimu ya kioo kinachoonyesha fremu yote, wakati hicho chako kimejengwa kwa vioo vya kuakisi na kinaonyesha asilimia 95 tu. Ndiyo maana ukifika nyumbani unakuta tawi pembeni ambalo hukuliona. Tofauti zake ndizo hizi.

D7200, ya mwaka 2015, inapiga picha 6 kwa sekunde, ina nukta 51 za kulengea dhidi ya 11 zako, na ina nafasi mbili za kadi. Ukibana kitufe cha shata kwa faili za RAW, yaani picha ghafi, za ubora wa juu, tumbo lake la kumbukumbu ya muda linajaa kwenye picha ya 18 hivi, kisha inaanza kusuasua. D7500 ya mwaka 2017 inakwenda 8 kwa sekunde, inameza 50 kabla ya kuchoka, na skrini yake inainuka. Lakini waliipunguzia vitu: nafasi ya kadi ni moja, na ukiifunga lenzi ya kale kabisa isiyo na umeme haikupimii mwanga. Mtu unaongeza namba juu ya sanduku halafu unapunguza nafasi ya kadi! Sijawahi kuwaelewa. D500 ya mwaka 2016 ni mnyama mwingine: 10 kwa sekunde, nukta 153 zilizotandaa karibu fremu yote, na RAW 200 mfululizo. Ina gramu 860, na haina flashi ya kuchomoza.

Ndege kwako ni mara mojamoja, na jamaa nyumbani jioni ni kila siku. Chukua D7200. Kama ungeniandikia kwamba kila alfajiri uko majini unamvizia mdiria, ningesema D500 na usitazame nyuma. Fedha itakayobaki iweke kwenye mguu mmoja wa kusimamishia kamera, kwa sababu bodi hiyo na lenzi hiyo pamoja ni kama kilo mbili, na kipindi cha pili cha mpira mabega yatakuambia.

Mpendwa Fundi, natumia Canon 60D na napenda kupiga sura za watu karibu na dirisha. Nina EF-S 17-55 f/2.8 na 50mm f/1.8. Picha zangu hazina ile hali ninayoiona kwa wengine. Jicho halikati, linakuwa laini laini. Nimeambiwa dawa ni fremu kamili, yaani kamera yenye sensa kubwa, ninunue 6D iliyotumika. Mwingine kasema 80D. Nisaidie. – Binti wa Dirishani

Binti yangu, kabla ya dawa tupime ugonjwa. Tafuta picha kumi ulizopiga kwa 50mm kwenye f/1.8 au f/2, zikuze, usitazame jicho. Tazama ncha ya pua, kisha masikio na nywele za pembeni. Kama kila mara pua imekata vizuri na jicho limelainika, au masikio yamekata na jicho halikukata, kamera yako inalenga mbele au nyuma ya mahali ulipoiambia. Si mkono wako huo.

Hakikisha hivi: simamisha kamera mezani, mpige mtu akiwa ametulia, kwanza kwa kuchungulia, halafu kwa kulenga kupitia skrini ya nyuma. Ukilenga kwa skrini, kamera inasoma kwenye sensa yenyewe inayopiga picha. Ukichungulia, inasoma kwenye sensa nyingine ndogo iliyoko chini ya kioo, na njia hizo mbili zinaweza kutofautiana kwa unywele. Picha ya skrini ikikata na ya kidirisha isikate, umempata mchawi.

Kamera nyingi za daraja lako zina mahali kwenye menyu pa kurekebisha unywele huo, lenzi kwa lenzi. 50D ilikuwa napo. 60D yako Canon walipaondoa, kisha wakaparudisha baadaye. 80D na 6D zote zinapo. Kwa hiyo yoyote utakayoichagua itakutibu, na fremu kamili haihusiki na ugonjwa wako hata kidogo.

Tuiseme basi hiyo fremu kamili, maana watu huitaja kama ubatizo. Sensa yake ni milimita 36 kwa 24. Ya 80D ni kama 22 kwa 15. Eneo ni mara mbili na nusu na zaidi kidogo, na eneo kubwa hukusanya mwanga mwingi, ndiyo maana chenga zinapungua ukipandisha ISO. Mgongo wa picha pia unayeyuka zaidi, kwa sababu kupata sura ya ukubwa uleule unasogea karibu au unatumia lenzi ndefu zaidi. Yote hayo ni kweli. Lakini EF-S 17-55 yako haitafunga kwenye 6D kabisa. Lenzi za EF-S zimechomoza mgongoni kuingia ndani ya kamera, na kioo kikubwa cha 6D kingeugonga huo mgongo. Utaiuza, na wengi wakihamia huko hununua 24-105 f/4. Haya, piga hesabu: 17-55 f/2.8 kwenye kamera yako, ukizidisha namba zote kwa 1.6, inafanya kazi kama 27-88 yenye f/4.5 kwenye fremu kamili. Umeuza lenzi, umenunua bodi na lenzi nyingine, umetoka f/4.5 kwenda f/4. Safari ndefu ya kuhamia nyumba ya jirani.

Na 6D ina kasoro ambayo mpiga sura ataihisi. Nukta za kulengea ni 11, na ya katikati peke yake ndiyo inayosoma wima na mlalo. Hiyo ya katikati ni hodari ajabu, inalenga hata kwenye mwanga wa mbalamwezi, lakini za pembeni zinababaika. Utajikuta unalenga jicho kwa nukta ya kati, kisha unaisogeza kamera kupanga fremu, na kwenye f/1.8 mwendo huo mdogo unatosha kuliacha jicho nje. 80D ina nukta 45, zote zinasoma pande mbili.

Kisha kuna skrini. 80D inageuka kama ya 60D uliyoizoea, na sensa yake inalenga yenyewe kwa kasi: unagusa jicho kwenye kioo, linakamatwa. Kwa mtu aliyekaa ametulia dirishani, hiyo ni raha ambayo 6D haina. Chukua 80D, bakia na lenzi zako, na siku moja ongeza 85mm f/1.8 ya EF. Hiyo hata ukija kuhamia fremu kamili utahama nayo.

Fundi, kaka yangu ananicheka kwa sababu bado nina D90 ya megapikseli 12. Yeye ana 24. Anasema zake zina ubora mara mbili. – Mchekwaji

Mwambie apime kwa rula. Picha ya D90 ni vitone 4288 kwa 2848. Ukiichapisha kwa vitone 300 kwa inchi, kiwango cha kuisogezea pua, unapata karatasi ya sentimita 36 kwa 24. Yake, 6000 kwa 4000, inafika 51 kwa 34. Upana umeongezeka mara 1.4. Kuupata mara mbili kweli angehitaji megapikseli 48. Ukitaka nawe kumcheka, muulize mara ya mwisho alichapisha lini. Kitu kimoja tu ukiangalie: lenzi mpya za Nikon zilizoandikwa AF-P hazijilengi kwenye D90, kwa hiyo usije ukaletewa zawadi ya majuto.

Habari za kazi Fundi. Nimeonyeshwa Canon 7D Mark II iliyotumika, na muuzaji anasema imepiga elfu arobaini tu. Nitajuaje hanidanganyi, na nikague nini kingine? Napenda kupiga mbio za baiskeli. – Mkaguzi

Nzuri, ndugu yangu. Kamera umeichagua vizuri: picha 10 kwa sekunde, nukta 65 zote za pande mbili, na bodi isiyoogopa vumbi wala manyunyu. Shata yake ilipimwa kwa mapigo 200,000, kwa hiyo hata kama ni elfu themanini nisingekosa usingizi. Kipimo hicho si tarehe ya kufa. Zipo zinazopita mbali, zipo zinazokatika njiani.

Idadi yenyewe: Nikon huiandika ndani ya kila faili ya picha, unaisoma kwa programu yoyote ya kusoma taarifa za picha. Canon kwa kawaida hawaiandiki humo, inabidi kuunganisha kamera na kompyuta kwa waya na kutumia programu maalumu. Mwombe muuzaji mfanye pamoja. Akianza kutafuta waya mpaka jua linazama, umeshajibiwa.

Mimi namba hiyo naitazama mwisho. Naanza na chini ya kamera. Nazilaza skrubu za tumbo kwenye mwanga: zikiwa na mikwaruzo kwenye mifuo yake, kuna mtu aliingia ndani, na nataka kujua nani na kwa nini. Kisha mipira ya kushikia, kama imevimba au inachezacheza chini ya vidole. Kisha nafungua mlango wa kadi. 7D Mark II ina nafasi mbili, SD na CF, na ile ya CF ndani yake ina vijiti vyembamba vingi kama meno ya kitana. Chungulia kwa tochi. Kijiti kimoja kilichopinda ni matengenezo yanayouma.

Washa sasa. Zungusha kila kigurudumu taratibu, pande zote mbili, ukitazama namba. Hapa niliwahi kuumbuka. Nilinunua bodi nikiwa nimekagua kila kitu, hata mlango wa betri, nikasahau kigurudumu cha nyuma. Nyumbani nikagundua kwamba ukikizungusha mara tatu kinahesabu mbili, na wakati mwingine kinarudi kinyume. Muuzaji alikuwa ameshabadilisha namba ya simu. Nilikaa nayo miaka miwili nikizungusha na kuomba.

Funga lenzi, weka tundu f/16, elekeza kamera kwenye mbingu nyeupe au ukuta mweupe bila kulenga, piga. Madoa meusi yatakayoonekana ni vumbi la sensa. Likiwa kidogo linasafishika, ila michirizi au doa lenye pete usilibebe. Funika lenzi kwa kifuniko chake, piga sekunde 30, utaona vitone vinavyowaka rangi. Viwili vitatu si neno. Kwenye menyu ya taarifa za betri Canon wanaonyesha afya yake kwa vijisanduku vitatu. Kikiwaka kimoja tu, tena chekundu, betri ni ya kuwekea karatasi isipeperuke. Mwishoni bana shata kwa kasi ya 10 na ufumbe macho. Usikilize. Mlio uwe sawasawa kama cherehani ya fundi mzoefu. Ukisikia kama mmoja amejikwaa katikati, rudia. Akijikwaa tena, shukuru uende zako.

Kama kuna lenzi pamoja nayo, mulika tochi kutoka nyuma na uitazame kwa mbele. Vumbi kidogo lisikutishe. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu haipewi kitanda kwenye begi moja na lenzi nzima.

Fundi, kila mtu ananiambia DSLR, hizi kamera zenye kioo ndani, zimekufa, nisipoteze fedha, ninunue zisizo na kioo. Wewe bado unazipigia debe. Kwa nini? – Asiyeamini

Sijazipigia debe, nimejibu walioniuliza. Ni kweli, tangu 2018 Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na D6, D780 na 1D X Mark III, zote za mwaka 2020, ni miongoni mwa DSLR zao za mwisho. Pentax ndio walioshikilia. Walitoa K-3 Mark III mwaka 2021, na bodi zao kubwa hutuliza mtikisiko kwa sensa yenyewe, hata ukifunga lenzi ya miaka ya sabini.

Kama nusu ya kazi yako ni video, wasikilize hao wanaokuambia. Kama unataka kamera ijitafutie jicho la mtu yenyewe na kulifuata fremu nzima, wasikilize pia. Unapochungulia DSLR huioni picha itakavyokuwa kabla ya kubofya, na wapo wanaochoshwa na kubahatisha huko.

Ila kilichotengenezwa hakiharibiki kwa sababu kiwanda kimebadili mawazo. Mdomo wa kufungia lenzi za Nikon F ulianza 1959, wa Pentax K 1975, wa Canon EF 1987. Hesabu mwenyewe miaka ya lenzi zinazozunguka mikononi mwa watu, wengi wao wakiziuza sasa ili wahame. Wakati mzuri wa kununua viti ni pale jirani anapohama. Betri ya D7200 ilipimwa kwa picha 1,110 kwa chaji moja, kwa sababu ukichungulia hakuna skrini inayokula umeme. Ni mwanga wenyewe unaokuja jichoni. Nami nikikaa kumvizia kiumbe saa nzima, jambo hilo nalihisi.

Mwenye Tofali, nawe sikia hili: vigeuzi vya Nikon vya kufungia lenzi za F kwenye kamera zao za Z zisizo na kioo, yaani FTZ na FTZ II, havina ile ncha ya bisibisi. Lenzi ya mjomba huko itakuwa ya kuzungusha kwa mkono tena.

Nimevaa miwani tangu shuleni. Nikichungulia sioni pembe za fremu. Nisome namba gani ninapolinganisha kamera? – Macho Manne

Namba mbili, na moja yao ina mtego. Ya kwanza ni ukuzaji. Utaona D7200 ni 0.94x na 80D ni 0.95x, halafu 6D ni 0.71x, ukadhani kidirisha cha 6D ni kidogo. Kinyume chake. Kipimo hicho hufanywa kwa lenzi ya 50mm kwenye kila kamera, na sensa ndogo huikuza 50mm bila kidirisha kufanya lolote. Gawanya ya D7200 kwa 1.5 na ya 80D kwa 1.6, upate 0.63 na 0.59. Sasa ndipo ulinganishe na 0.71.

Ya pili, ambayo ndiyo yako, ni umbali wa jicho: milimita ngapi jicho linaweza kukaa nyuma ya kioo na bado likaona fremu yote. D500 ina kidirisha kipana cha kupendeza, lakini umbali wake ni milimita 16, na mwenye miwani atakuwa anayumbisha kichwa kutafuta pembe. D7200 ni 19.5. 6D ni 21, 80D ni 22.

Pembeni mwa kidirisha kuna kigurudumu kidogo cha kurekebishia macho. Isahau lenzi kwanza, tazama zile namba za chini ndani ya kidirisha, kizungushe mpaka zikate. Miwani yako ikiwa ya nguvu ndogo, unaweza kuivua na kuchungulia bila hiyo. Ukishakipata mahali pake, weka kipande cha gundi ya karatasi juu yake. Cha kwangu husogea kila ninapoichomoa kamera kwenye begi.